Maswali ya Wasomaji: Herufi Zenye Kivuli, Shaba Inayopasuka na Hereni Zinazowasha Sikio

Barua za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu jambo moja: vito vya kutengeneza kwa mkono, zana zake, na vile vibati vya shaba vilivyochapwa na mashine ambavyo mafundi wengi sasa wananunua tayari na kuviunga nyumbani. Barua ndefu tumezifupisha. Tukisema shaba nyekundu, tuna maana ya shaba tupu. Shaba njano ni ile iliyochanganywa na zinki.

*Mafundi, shikamooni. Nimenunua seti ya herufi za chuma za milimita 3. Naandika majina kwenye vibati vya shaba nyekundu vya duara, upana milimita 25. Herufi zinatoka na kivuli, kama zimeandikwa mara mbili, nyingine hafifu kabisa, na kibati chenyewe kinabinuka kama sahani. Nagongea juu ya meza ya mbao, nimetandika raba ili majirani wasilalamike kelele. Nakosea wapi? — Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Marahaba, mwanetu. Kosa lako liko chini ya kibati, wala si kwenye herufi. Raba na meza vinameza nguvu ya nyundo. Kibati kinazama kwenye raba badala ya herufi kuzama kwenye kibati, ndiyo maana kinabinuka. Na kwa kuwa alama imetoka hafifu, unagonga tena. Herufi ikiinuka hata unywele mmoja kati ya pigo la kwanza na la pili, hapo ndipo kivuli kinapozaliwa.

Weka kibati juu ya chuma cha pua kilichonyooka na kusuguliwa, unene wa milimita 20 au zaidi, na hicho chuma kikae juu ya gogo lililosimama wima, nyuzi za mti zikielekea juu. Raba, kama huna budi kwa ajili ya majirani, iwe chini ya gogo. Pakiti ya mchanga iliyoshonwa kwenye gunia nene chini ya gogo inapunguza kelele vizuri zaidi na haidundi.

Nyundo iwe na uzito wa gramu 450 hadi 500. Ya gramu 200 inakulazimisha kurudia pigo. Shika herufi wima kabisa, kidole cha mwisho kikiegemea chuma cha chini ili mkono usitikisike, kisha piga mara moja tu, kwa uzito wa nyundo yenyewe, usiifukuze. Herufi hazilingani kwa kiu ya nguvu: M, W na B zina eneo kubwa na zinahitaji pigo zito, I na L pigo jepesi linatosha, ukizidisha zinachimba shimo. Jizoeze kwenye mabaki mpaka mkono ujue tofauti hiyo.

Unene wa kibati uwe milimita 0.8 hadi 1. Cha nusu milimita kitaonyesha herufi mgongoni. Hata kwenye chuma kizuri kibati kitabinuka kidogo, kwa sababu uso uliogongwa umetanuka kuliko mgongo. Kigeuze uso chini juu ya kipande cha ngozi, ukinyooshe kwa nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma itakuharibia maandishi.

Sasa hesabu ya nafasi, ambayo wengi hawaifanyi. Herufi ya milimita 3 pamoja na nafasi yake inakula karibu milimita 3.5. Jina UPENDO lina herufi sita, yaani milimita 21. Duara lako la 25, ukiacha milimita 2 kila upande ili ukingo usivimbe, linabaki na 21 zilezile, tena katikati kabisa tu. Yaani huna hata nafasi ya kukosea. Chukua duara la 30 au herufi za milimita 2. Anza katikati kwenda pembeni: kwa UPENDO, mstari wa kati unapita kati ya E na N, basi gonga hizo kwanza. Bandika utepe wa karatasi chini ya mstari, uwe ukuta wa kuegemezea herufi.

Kabla ya yote, bonyeza kila herufi kwenye kipande cha sabuni uone upande wa juu ni upi, kisha tia nukta ya rangi ya kucha upande unaokutazama. N iliyolazwa ikasomeka Z, na S iliyopinduliwa, zimeharibu vibati vingi sana. Na usithubutu kugonga herufi hizo kwenye chuma kisichoshika kutu. Ni kigumu mno, na ncha zake zitalala siku hiyohiyo. Ukimaliza, paka rangi nyeusi ya mafuta ndani ya maandishi, iache ikauke, kisha sugua uso kwa msasa namba 600 na baadaye 1000. Nyeusi itabaki mashimoni tu.

*Habari za kazi. Nina matatizo matatu ya kupasuka. Kwanza, vibati vya shaba njano vyenye nakshi ya jani, unene nusu milimita: nikivibonyeza viwe kama kikombe vinachanika ukingoni. Pili, nilifua vipande kutoka koki za maji za zamani, vikavunjika hata kabla ya kuwa bapa. Tatu, hereni zilizokamilika nilizihifadhi kwenye chumba cha stoo kinachopakana na banda la kuku. Baada ya miezi kadhaa mbili zimepasuka zenyewe, hakuna aliyezigusa. — Fundi, Ipogolo, Iringa*

Barua hii tumeipenda, ndugu yetu, maana nyufa tatu zinafanana kwa macho lakini kila moja ina mama yake.

Ya kwanza ni ugumu. Shaba kila inapogongwa, kuviringishwa au kuchapwa na mashine inazidi kuwa ngumu. Kibati chako kimeshagandamizwa kiwandani mara mbili: mara ya kwanza kilipofanywa bati jembamba, mara ya pili kilipopigwa nakshi. Kimekufikia kikiwa kimechoka. Kirudishie ulaini kwa moto kabla ya kukibonyeza. Fanya kazi hii kivulini, kwa sababu juani huwezi kuona wekundu wa chuma. Weka kibati juu ya makaa (mkaa wa miwati wa Njombe unafaa sana, unawaka sawasawa) na upulize taratibu mpaka kiwe chekundu cha kufifia, kama damu ya mzee, kisha kitoe palepale. Kikiwa cha machungwa umepitiliza. Shaba njano inayeyuka kwenye nyuzijoto 900 na ushei, na mkaa unaopulizwa kwa nguvu unafika huko na kupita, hivyo kibati cha nusu milimita kitalegea mbele ya macho yako.

Shaba nyekundu unaweza kuitumbukiza majini ingali nyekundu. Shaba njano ngoja kwanza wekundu uzimike. Ule utando mweusi unaobaki utoe kwa siki ya moto, glasi moja na kijiko cha chai cha chumvi, dakika 10 hadi 20. Tumia vijiti vya mianzi kuopoa: ukitia koleo la chuma humo, shaba iliyoyeyuka kwenye siki itaganda juu ya vibati vyako na vitatoka vyekundu. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo.

Kisha bonyeza hatua kwa hatua. Anza na kikombe (yaani shimo la duara la kubonyezea) ambacho mdomo wake ni mpana kuliko kibati. Kibati cha milimita 25 kikiingizwa kwenye kikombe cha 22, ukingo unakwama na kukunjamana kabla ya kuchanika. Shuka kikombe kimoja kimoja, na ukisikia sauti ya pigo imebadilika kutoka butu kuwa ya mlio, simama, rudi motoni. Nakshi iwe upande wa kikombe, ukisukuma kwa kijiti cha mbao chenye kichwa cha duara ili usiifute. Kikombe cha mbao unaweza kuchonga mwenyewe. Mbao za misonobari za Sao Hill ziko kila mahali kwenu lakini ni laini mno kwa kazi hii, zinabonyea. Tafuta gogo la mkaratusi lililokauka vizuri, ulifunge pete ya chuma lisipasuke.

Ya pili ni risasi, yale madini laini, si ya bunduki. Shaba ya koki huchanganywa na risasi kidogo, mara nyingi asilimia mbili au tatu, ili ikatike kirahisi kwenye mashine ya kuchonga. Risasi hiyo haichanganyiki na shaba, inakaa ndani yake kama punje, na kila punje ni mwanzo wa ufa. Hakuna moto utakaoiponya. Iache, tena hata kwa afya risasi haifai kuvaliwa mwilini wala vumbi lake kuvutwa puani.

Ya tatu ndiyo ngumu kuamini: ni kuku. Mbolea yao inatoa amonia, ile harufu inayochoma macho. Shaba njano iliyobonyezwa ikabaki na mkazo ndani yake, ikikutana na amonia na unyevu, hupasuka yenyewe bila kuguswa. Jeshi la Uingereza kule India liliwahi kushangazwa na jambo hilohilo: maganda ya risasi za bunduki, yaliyotengenezwa kwa shaba njano, yalikuwa yakipasuka msimu wa mvua yakiwa yamehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Hamisha stoo. Na kibati kikishamaliza kubonyezwa, kipashe moto tena kidogo, nyuzijoto kama 250 hadi 300, kwa nusu saa. Ulaini wake hautaongezeka sana lakini mkazo utaondoka. Usisafishe shaba njano kwa sabuni ya maji yenye amonia.

*Shikamooni. Mimi ni mama wa nyumbani, nataka kuanza kutengeneza mikufu na hereni za vibati. Ninunue zana gani kwanza? Kijana mmoja ananiuzia kipande cha reli kwa bei nzuri cha kufanyia fuawe. — Mama, Makambako*

Marahaba, mama. Kuhusu reli: iache. Makambako iko kwenye njia ya TAZARA, na kipande cha reli kinachouzwa mtaani bila karatasi huenda kimetoka mahali ambapo treni inapita. Wewe upo kwenye mji wa malori. Nenda kwenye gereji, uliza ekseli iliyovunjika, fundi akukatie kipande cha sentimita 10 na kukisugua uso mpaka unyooke. Ni chuma kizuri kuliko bamba la kawaida la fundi wa kuchomelea, ambalo hubonyea baada ya muda.

Baada ya hicho, plaizi tatu ndogo: mbili za mdomo bapa usio na meno (meno yanachora shaba) na moja ya mdomo wa mviringo. Mkasi wa kukatia waya. Tupa moja nyembamba, upande mmoja bapa na mwingine wa mgongo. Msasa wa namba 400, 600 na 1000. Nyundo ya mbao. Rula ya chuma, na kipimo cha vernia mara tu mfuko ukiruhusu, maana macho hayawezi kutofautisha 0.8 na 0.9.

Kutoboa unaweza kuanza na mashine ndogo ya mkono yenye biti ya milimita 1.2. Tia kwanza kidoti kwa msumari mkali, la sivyo biti itateleza na kuchora kibati kizima. Laza kibati juu ya ubao, kibane. Usikishike kwa vidole, kwa sababu biti ikipenya upande wa pili huking'ang'ania kibati na kukizungusha kama kisu. Tone moja la mafuta ya kula. Acha angalau milimita 1.5 kati ya tundu na ukingo.

Msumeno wa sonara, seti ya vikombe na mtungi wa gesi visubiri. Vibati vilivyochapwa tayari vinakuwezesha kufanya kazi nzuri miezi mingi bila moto.

Jambo moja la kuagiza: taja milimita, usitaje geji (namba ya kupimia unene wa waya na bati). Geji 20 ya Kiingereza ni milimita 0.91, geji 20 ya Kimarekani ni 0.81. Muuza vifaa vya ujenzi anaongea ya kwanza, muuza vifaa vya vito mara nyingi ya pili, na wewe unabaki na waya usioingia kwenye tundu.

*Wateja wangu wanarudisha hereni. Wengine wanasema sikio limekuwa kijani, wengine linawasha na kutoa majimaji. Ndoano nilinunua zimeandikwa "silva". Nimezijaribu kwa sumaku, hazishiki. — Dada wa Tukuyu*

Dada, hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu pamoja.

Ukijani ni shaba ikikutana na jasho na chumvi. Tukuyu kwenu mvua haikauki, kwa hiyo unakuja haraka kuliko kwingine. Haudhuru, unaoga kwa sabuni unatoka. Ili kuuchelewesha, safisha kibati kwa limau na chumvi, suuza, kausha kabisa (unyevu uliofungiwa ndani ndio unaoharibu), kisha paka vanishi nyembamba ya chuma mara mbili au nta ya nyuki iliyopashwa moto. Hifadhi kila jozi kwenye kifuko cha plastiki chenye kufungika.

Kuwasha na majimaji ni jambo zito zaidi, na mshukiwa wa kwanza ni nikeli. Silva ya Kijerumani, au alpaka, haina fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu nikeli iliyochanganywa humo haishiki sumaku. Sumaku inakufichulia chuma tu. Ulaya wameliona hili ni jambo la sheria: kito cha kupenya tundu la mwili hakiruhusiwi kutoa nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki.

Kibati cha kuning'inia kinaweza kuwa cha shaba, lakini ndoano inayopita ndani ya nyama badilisha. Fedha ya 925 (yenye fedha halisi asilimia 92.5), unene milimita 0.8, ni chaguo la kwanza. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L kina nikeli ndani lakini kinaitoa kidogo sana, wengi wanakivumilia. Aliyeshaumwa vibaya mpe titani. Ncha ya ndoano uisugue iwe ya duara, laini. Ncha kali inachana tundu, na mteja ataita hiyo nayo aleji. Hereni zilizorudishwa usiziuze tena, na mteja mwenye majimaji mwelekeze zahanati.

*Pete ndogo za kuungia kibati na mkufu zinafunguka, kibati kinaanguka. Natumia waya wa shaba wa milimita 0.6, pete za ndani milimita 6. — Njombe mjini*

Gawanya upana wa ndani kwa unene wa waya: 6 kwa 0.6 ni 10. Pete hiyo ni legelege kama uzi. Lenga 5 hivi: waya wa 0.8 na upana wa ndani 4. Viringisha waya kwenye shina la biti ya milimita 4, ukate kwa msumeno badala ya mkasi, maana mkasi unaacha ncha zilizobanwa zisizokutana. Kila pete inakula milimita 15, hivyo mita moja ya waya inakupa kama pete 60 ukiondoa hasara. Fungua kwa plaizi mbili, ncha moja mbele na nyingine nyuma, usivute kulia na kushoto. Ukifunga, pitiliza kidogo kisha rudi, mara mbili tatu. Msuguano huo unaukaza waya na ncha zinabana zenyewe mpaka unasikia "tik".

*Nachonga mihuri yangu ya nakshi kwa springi ya gari. Mmoja umelala ncha, mwingine umevunjika pigo la tatu. — Kijana, eneo la SIDO, Mbeya*

Kijana, uliolala haukukomazwa, yaani haukufanywa mgumu kwa moto; uliovunjika ulikomazwa lakini haukupunguzwa ukali. Springi ni chuma sahihi. Nondo usijaribu, haina kaboni ya kutosha, haikomai.

Kwanza ilainishe: iwe nyekundu, iache kwenye majivu usiku kucha, ndipo uchonge nakshi kwa tupa. Urefu sentimita 8 hadi 10 unatosha. Pasha sentimita 2 za ncha tu mpaka sumaku isishike, ongeza moto kidogo, zamisha kwenye mafuta ya kula ya vuguvugu ukikoroga. Si maji, springi majini hupasuka. Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kuuma, imekomaa. Sasa isugue iwe nyeupe, pasha kutoka katikati ya shina, tazama rangi zikitembea kuelekea ncha. Rangi ya majani makavu ikifika nchani, tumbukiza majini papo hapo. Ukingoja mpaka ncha iwe ya bluu, italala tena.

Kichwa kinachopokea nyundo kiache kilaini, bila kukomaza. Kichwa kigumu dhidi ya nyundo ngumu hurusha vipande, na vinaenda machoni. Vaa miwani. Kichwa kikishaanza kuvimba kama uyoga, kisage.

*Naweza kutumia waya wa umeme wa chakavu? — Mafinga*

Ndiyo, shaba yake ni safi na laini. Nunua mabaki kwa fundi umeme anayejulikana, wenye plastiki yake bado. Waya uliochomwa mara nyingi ni wa wizi. Wala wewe usiuchome, moshi wa plastiki hiyo una asidi na sumu. Uchune kwa kisu. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, ukiwa wa uti mmoja, una unene wa karibu milimita 1.4, mnene kwa hereni lakini mzuri kwa bangili. Uti mwingi mwembamba uliosokotwa unafaa kwa kufungia shanga tu. Na usiunge chochote cha kuvaliwa kwa lehemu ya redio yenye risasi, hasa vya watoto, kwa sababu wao huvitia mdomoni.